Mutoto wa Katuba anajua kusude, nani atamupima?

Bwana Mukubwa wa gazeti, jambo yako na jambo ya bote benye banatumika pale na wewe.

Mi ni fundi wa kusude (kuchomelea vyuma) hapa Lubumbashi, komini ya Katuba, niko na atelie pembeni ya barabara, tunatengeneza milango, madirisha, viti, mapusupusu (mikokoteni), na kama mukiliya wa maana anapita tunamutengenezea tanki ya maji. Niko nafwata hii mabishano yenye iko mu gazeti yenu juu ya masomo ya bure, bazazi banalalamika klase imejaa, balimu banalalamika mushahara, mwingine anaandika asema ni kosa ya serikali, mwingine anamujibu ni kosa ya bazazi benye banazala tu. Sawa, kila mutu na yake. Lakini kuko kundi ya batoto hakuna hata barua moja yenye ilibataja, na mi ninabaona kila asubui juu beko mbele ya mulango wangu: bale benye banajifunza mu magaraji, mu maatelie, chini ya malori, mu makomini yetu ya Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi, mpaka kule Kisanga. Banajua kazi. Habana karatasi. Na ku mulango ya kampuni banaulizwa karatasi tu.

Njo ile ninataka kuzungumuza, muniachie nafasi kidogo.

Ile bure kwanza. Konstitusio ya 2006 ilishaka kuandika mu artikle 43 kama masomo ya primere ni lazima na ni bure mu masomo ya serikali, lakini ile maneno ililala mu kitabu mpaka mwezi wa 9 ya 2019 njo tukaona serikali inaanza kweli, mwaka yenye ilifwata Banki ya Dunia ikakubali dola milioni 800 ya kusaidia. Batoto bengi barudi, na mi nilifurahi, juu ku kartie yetu kuko bamama benye balikuwaka banachagua huu mwaka nani atasoma na nani atauzisha vitumbula. Klase kujaa ni shida kweli, lakini ni afazali shida ya batoto beko ndani kuliko ya batoto beko inje.

Lakini kisha primere? Pesa ya masomo inarudia. Mzazi mwenye hana anafanya hesabu yake, teknike inalomba blusi, inalomba vifaa, inalomba pesa ya atelie, basi anamutia mutoto mu pedagogie (ualimu) ao mu komersiale (biashara) juu kule ni kaye na biki tu. Mwisho wake tuko na mji yenye inaishi na shaba, imejaa vijana ba diploma ya kufundisha benye habapate fasi ya kufundisha.

Na bale benye bazazi babo balijikaza bakabapeleka mu teknike, tubaangalie sasa. Ninapokeaka batoto ba staji, sitasema masomo gani juu sitaki maneno na prefe (mukubwa wa masomo) wa mutu. Mumoja alikuja, mutoto wa akili sana, opsio mekanike ya jumla, alinichorea plani ya mulango ya karakana na vipimo yote, kote (ile ya milimetre) iko fasi yake, mi mwenyewe siwezi kuchora vile. Nikamupa pensi (ile ya kushikia bageti) na bageti (kijiti ya kusude). Akauliza mashini inawashwa wapi. Sikumucheka, na nilikataza bengine bamucheke, juu si kosa yake: ku masomo yabo kuko mashini moja ya kusude, imefungiwa mu depo juu ikiharibika hakuna pesa ya kutengeneza, na turu ya kuchonga chuma ni ya zamani sana, inabaki pale ya kuonyesha bageni. Miaka yote batoto banakopia ku tablo angle ya burini (kisu ya turu), kasi ya turu, aina ya chuma, kisha banapita Egzeta (mutihani ya serikali ya mwisho), banapata asilimia yabo muzuri, bazazi banabamwangia pudre ku kichwa, mji muzima unaimba. Ni sawa na kufunza mutu kupika bukari bila unga. Na diploma iko ya kweli, na sinyatire ya kweli, na kashe (muhuri).

Angalia sasa upande ingine. Kwangu kuko kijana aliachaka masomo mu primere ya tano, baba yake alikufa, mama hakuweza. Anasude na mashini yenye shiye benyewe tulizungusha waya ya shaba, ile ya mu kartie yenye haina hata butoni ya kupima ampere, unahamisha kabeli fasi hii unapeleka fasi ile, umeme inashuka inapanda bile inataka. Na ile mashini, na bageti ya 2,5, anafunga tole (bati ya chuma) nyembamba bila kuitoboa. Anasikia arki (moto ya umeme ku bageti) na masikio, kama bageti iko mbali sana anajua kwa sauti mbele ya kuona. Mafundi ba miaka mingi banashindwa ile. Lakini kampuni moja ya sutretansi (yenye inatumikia kampuni kubwa) ilikuja kutafuta basuderi ba kwenda Kolwezi, kule ku mine, kijana akaenda na sanduku yake, mlinzi ku mulango akamuomba diploma, hakuvuka hata mulango. Ile siku, mwenye diploma mwenye hajui kuwasha mashini angeingia.

Sisemi kampuni beko na ubaya tu. Kule ku mine kazi haiko ya milango. Shaba yetu ya leo mu viwanda mingi inayeyushwa na asidi sulfurike, matanki na matiyo (mabomba) yake ni inox (chuma yenye haishike kutu), ile ya 316L, inasudewa na gazi ya argon, kama ulisude vibaya asidi inatoka inachoma bantu. Matiyo ya plastiki nene inaunganishwa na mashini yake ya moto, kuko joto yake na dakika yake. Fundi wa Katuba hajawahi kushika argon, mi mwenyewe nilishika kwa sababu nilitumikaka kidogo ku sutretansi moja, na ninaelewa kampuni kuogopa kumwamini mutu kwa mudomo tu. Lakini kuogopa ni kitu ingine, na kukataa kupima ni kitu ingine. Mutu mwenye anajua arki muzuri, umupe argon na inox na mwalimu mwenye kujua, haitachukua miaka. Mwenye hajawahi kuona moto ile njo ya miaka. Banaanza na nani? Na mwenye karatasi.

Bazee balikuwaka banafanya ingine. Ninajua vijana habapendi kusikia hadisi ya Gécamines (kampuni ya serikali ya shaba), banasema bazee mulikula mukamaliza, haya. Lakini Union Minière, kampuni ya mine ya bakoloni, ile ya 1906, kutokea miaka ya 1920 ilianza kuwekesha batumishi na bibi na batoto mu makambi, ikaweka masomo, juu iliona kuleta bantu kutoka mbali kila mwaka inakula pesa mingi. Haikuwa mapendo, tusijidanganye. Mukoloni alitaka mikono na hakutaka kichwa isumbue, mutoto wa kambi alipewa nyundo na katekismu basi. Kisha 1967 serikali ikachukua kampuni, mwishowe ikaitwa Gécamines, na pale fundi mweusi akapanda mpaka shefu wa atelie, mpaka injinyeri. Mu miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya toni 400 000 ya shaba kwa mwaka, na mutoto aliingia mu santre yake ya kujifunza kazi akatoka ajusteri, suderi, elektrisien, na alipimwa na chuma, bazee banasimama nyuma yake banaangalia mikono. Kisha mine ya Kamoto ikabomoka mu 1990, mambo ya siasa ikaongezeka, katikati ya miaka ya 1990 ile toni haikufika hata 50 000, na mu 2003 Banki ya Dunia ikalipa bafanyakazi zaidi ya 10 000 batoke, bale tunabaita bapartan volontere, benye kutoka kwa kupenda (kupenda gani, lakini tuache). Ku kila kambi kuko muzee mumoja wa vile anakaa mbele ya nyumba na redio. Kila mwaka tunazika bamoja babo, tunazika na kazi yote.

Leo inchi inatoa shaba kuliko wakati yote: mu 2023 ilipita toni milioni 2,8. Kobalti usiseme, Kongo peke yake inatoa karibu asilimia 70 ya dunia. Na kwa ile toni milioni yote, fundi wa Katuba anapimiwa wapi? Hakuna fasi moja mu komini yetu mutoto anaweza kwenda siku ya posho (Jumamosi) aseme nipimeni.

Mutaniambia kuko INPP, ofisi ya serikali ya kufunza kazi. Kuko, na mi ninaiheshimu, iliundwa mu 1964 kwa hii hii kazi, kufunza na kupandisha batumishi, na Japani ilisaidia kujenga majengo mupya hapa Lubumbashi, mukipita pale mutaona mashini za kweli. Na haiko sadaka ya mutu: kila kampuni inapashwa kulipa INPP sehemu ya mishahara yenye inalipa, asilimia 3 kwa kampuni kidogo, 2 kwa ya katikati, 1 kwa kampuni kubwa yenye kupita batumishi 300. Hesabu mwenyewe, mine yenye batumishi maelfu, asilimia 1 ya mishahara yao si makuta ya kununua sigara. Kisha kuko Kode ya mine, ile ya 2018, inalomba kampuni ya mine iweke pembeni 0,3% ya pesa yote yenye inauzisha, iende ku maendeleo ya bantu benye banaishi karibu na mine, na tena kampuni inatia sinye kaye de sharji na bale bantu, kusema tutajenga hii na ile.

Na hapo njo roho inaniuma. Angalieni ile vitu inajengwa: klase tatu zenye rangi nyeupe na bulu, vyoo, pompe ya maji, mabango mukubwa yenye jina ya mwenye kutoa kuliko jina ya masomo. Muzuri, sikatai, batoto balikuwa banasomea chini ya miti fasi zingine. Lakini klase ni kitu unaweza kupiga picha na bakubwa bamesimama na makasi. Bageti za kusude za mwaka muzima haipigiwe picha. Argon inaisha mu chupa, disike ya kukata inaisha, tole inakatwa inatupwa, na bila ile vitu yenye kuisha hakuna mutu atajifunza kazi, unaweza kujenga majengo kumi. Mi nikiwa mu ile komite yenye inachunga 0,3%, ningesema mwaka huu hatujenge ukuta hata moja, tununue vitu ya kuisha na tulipe benye kupima.

Kupima yenyewe inalomba nini? Watu wengi banafikiri ni mambo ya laboratware na basungu na miwani. Kamata vipande mbili ya tole ya milimetre 10, mutu asude mbele yako, kwanza imelala chini, kisha imesimama, kisha juu ya kichwa. Unaangalia uso ya kazi. Kisha unakata kipande unakitia mu etau (ile ya kubana chuma) unakikunja na nyundo mpaka kirudi: kama kusude ilikuwa ya juu juu tu, inapasuka pale pale, hata mama yake mwenye kuuzisha ndizi pembeni ataona imepasuka. Hakuna kuongea mingi, hakuna kujua mutoto wa nani. Kwa elektrisien ni vile vile, mupe tablo ya umeme na kabeli na lisaa, washa. Kwa mekanisien wa gari, haribu kitu kimoja mu motere, umuache atafute.

Na haiko mambo mi niliota usiku. Kenya (ya Nairobi, haiko hii Kenya yetu yenye tunanywea bierre) kuko ofisi ya serikali NITA, fundi wa barabara anaingia mu mutihani ya kazi, greidi 3, kisha 2, kisha 1, hata kama alijifunzia kazi kando ya barabara. Tanzania kuko VETA, ofisi ya serikali ya kufunza kazi, banaita kurasimisha ujuzi, banafwata fundi fasi yenye anatumika, banamupima, kama kuko fasi yenye anakosa banamufunza ile tu, kisha banamupa cheti. Zambia, hapa hapa kisha mupaka ya Kasumbalesa, kuko mutihani ya kazi ya zamani, na fundi wa kule akivuka na ile karatasi yake anaingia ku mine yetu wakati wa kwetu amesimama ku mulango. Sina ubaya na bandugu ba Zambia, banakula jasho yabo. Ninasema tu inchi yao ilibatembeza na karatasi, ya kwetu ilituacha tutembee na mikono.

Rafiki yangu mwalimu, nilimusomea hii barua mbele ya kuituma, akacheka asema: ile breveti yenu (karatasi ya benye kupimwa) itauzishwa ku soko kwa dola ishirini mbele ya wiki moja kuisha. Ninajua. Diploma ngapi zinauzishwa. Njo maana ninasema mupime mu kiwanja, mchana, bantu banaangalia, na mwenye kupima atoke komini ingine, fundi wa Ruashi apime ba Katuba, na wa Katuba apime ba Kenya, pembeni yake muzee mumoja wa Gécamines alipwe siku yake muzuri, bale bazee habadanganyike na chuma. Na kila mutu apigwe namba yake mu kipande chake na ponsoni (chuma ya kugonga namba), kipande kibaki ku INPP. Mukubwa wa kampuni akiwa na mashaka, aende aone chuma yenyewe. Karatasi unaweza kuiba, kipande ya milimetre 10 yenye namba itakusumbua kidogo.

Kuko jambo nyingine yenye bapatroni benzangu habatapenda. Bamoja mu shiye banafanya mutoto alipe kuingia, kisha mwaka muzima anafagia, anachota maji, anatumwa kununua mukate, kusude anaona mbali. Na akianza kujua, patroni anamuficha ile ya mwisho juu anaogopa atafungua atelie yake ng'ambo ya barabara. Kode ya kazi ya 2002 inazungumuza kontra ya aprenti (mwenye kujifunza kazi), ya maandishi, mi sijaona hata moja mu barabara yetu. Mutihani ingekuwa inakuja kila mwaka, mzazi angeuliza patroni: mutoto wangu atapita lini? Leo hakuna swali, juu hakuna siku. Na macho ya batoto, bwana, beko banasude na miwani ya jua ya soko, usiku banalala na viazi vilivyokatwa ku macho. Yeyote atapimwa lazima aje na maski, hapana maski hapana kupimwa, utaona bapatroni banavyonunua maski mbio.

Sitaki mutu afikiri ninasema masomo haina kazi. Yule kijana wangu wa primere ya tano, plani hawezi kuisoma, akipewa karatasi yenye isometri (mchoro) ya tiyo anaigeuza chini juu. Kule ku mine hautapita na masikio tu. Ile mutoto wa staji na ule kijana, niliwatia bote mu kazi moja, ngazi ya nyumba ya mukiliya, mumoja anachora na kuhesabu vidato, mwingine anasude, mara banagombana, mara mumoja ananyanganya mwenzake pensi. Walimaliza bile inafaa. Masomo ya teknike inakaa kisha mchana bila mutu, klase tupu, na madafta kule ndani. Kwa nini balimu basipewe kakitu kidogo bafunze aprenti kwa masaa mbili magaribi, kusoma plani, hesabu, na Kifaransa ya kazi? Na batoto ba opsio, siku mbili kwa wiki, baende mu maatelie ya barabara bachafuke. Banamuke pia, tuache kuwasukuma bote ku kushona. Kwangu alipita binti mumoja, mukono yake ilikuwa imetulia kuliko ya bavulana, alitoka juu ya kaka zake balisema ni haya. Haya ya nani sijui.

Basi nimalize, juu mashini inaningoja na umeme iko leo. Bakubwa ba INPP Lubumbashi, na bale benye kuchunga ile 0,3% na makaye de sharji, kama munasoma gazeti: tulomba mubandike ku ofisi ya komini pesa ngapi iliingia na ilinunua nini, na tulomba siku moja ya kupima, moja tu ya kuanza, mu Katuba. Fasi iko, viwanja ya masomo iko wazi siku ya posho mangaribi na siku ya yenga (Jumapili). Mashini tutaleta shiye, tole ya kupima nimeisha kuzungumuza na bafundi batano tutaikatana, groupe ya kutoa umeme kuko mutu atatuazima kama tunatia mafuta. Nyinyi mulete mwenye kupima, ponsoni ya namba, na karatasi zenye kashe.

Fundi wa kusude, Katuba, Lubumbashi